Kitabu cha oda: usihesabu ukuta, tazama nani analipa

Mleta uzi:

Wakuu salaam.

Wiki iliyopita kuna ndugu aliniandikia pembeni: "Mkuu nimelipia data ya oda za Nasdaq, lile soko la hisa la Marekani, nimekaa mbele ya skrini siku nne, naona namba zinakimbia tu kama mita ya pampu ya mafuta. Nasoma nini hapa?" Nilimjibu kwa kirefu, kisha nikaona ni heri niyalete jukwaani. Swali hili linarudi kila mwezi, na majibu yake huishia kwenye mishumaa na mistari ya chati. Kitabu cha oda, yaani orodha ya oda za kununua na kuuza zinazosubiri kwenye kila bei, ni kitu kingine kabisa.

Nianze na kilichonifundisha mimi. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa naifuatilia hisa moja ya dola thelathini na kitu. Ngazi nyingi za bei zilikuwa na hisa elfu tatu, elfu nne. Ghafla pale 30.40, upande wa wanunuzi, ikatokea oda ya hisa 48,000. Nikajiambia, huyu ni mkubwa, hapa bei haipiti. Nikanunua hisa 500 kwa 30.42, stopu (oda ya kuniuzia bei ikishuka hadi hapo) nikaiweka 30.38. Bei ikashuka hadi 30.41. Halafu zile 48,000 zikawa 900. Nilikuwa nimekodoa macho kwenye tepu, yaani ule mkanda unaoonyesha biashara zilizokwisha fanyika, na hakuna hata hisa moja iliyouzwa kwa 30.40. Oda ile hakuna aliyeila. Mwenyewe aliiondoa. Stopu yangu ikajibiwa kwa 30.35, dola 35 zikaenda. Si pesa ya kulilia, lakini mwezi ule nilirudia kosa hilohilo mara kumi na moja.

Ninachotaka kusema katika uzi huu ni hiki: kitabu ni ahadi, tepu ni malipo. Nenda mnada wa samaki pale Feri, Dar, alfajiri. Anayepaza sauti na aliyekwisha toa noti mfukoni ni watu wawili tofauti, na mnadishaji anawajua. Sisi tunaotazama skrini tunawachanganya.

Kwa wageni, picha yenyewe ni hii (namba za mfano):

Wauzaji
30.45: hisa 2,600
30.44: hisa 1,900
30.43: hisa 700

Wanunuzi
30.42: hisa 1,200
30.41: hisa 3,100
30.40: hisa 4,000

Hizi zote ni oda za kikomo, yaani kila mmoja ametaja bei asiyotaka kuivuka, watu wamesimama kwenye foleni. Nasdaq inatazama bei kwanza, kisha muda: aliyetoa bei nzuri zaidi anahudumiwa mwanzo, na kwenye bei moja aliyewahi ndiye wa kwanza. Sasa akija mtu na oda ya soko (anayekubali bei yoyote iliyopo) ya kununua hisa 1,000, atachukua 700 kwa 30.43 na 300 kwa 30.44. Wastani wake ni 30.433, na bei ya chini ya kuuza sasa ni 30.44 ikiwa imebaki na 1,600. Bei imepanda kwa sababu mtu mmoja alikubali kulipa na foleni ya mbele ilikuwa fupi. Hicho ndicho kinachoisogeza bei, kila siku, kila hisa: uzito wa anayelipa ukipimwa na urefu wa foleni anayoikuta.

Kwa hiyo bei ikiikaribia ngazi yenye oda kubwa, mimi najiuliza maswali matatu, na nayajibu kwa tepu.

Je, inaliwa? Biashara zinapita kwenye bei hiyo na namba inapungua kwa kiasi kilekile kinachouzwa? Basi ni oda ya kweli, na unaweza kuona inavyoisha.

Je, inakimbia? Namba inapungua bila biashara kupita? Hiyo naiita oda hewa, kama tulivyokuwa na wafanyakazi hewa: jina lipo kwenye orodha, mtu hayupo.

Je, inajaa tena? Hapa ndipo penye utamu, naomba tukae kidogo. Unaona ngazi ina hisa 500 tu, haitishi. Zinauzwa 500, namba inarudi 500. Zinauzwa tena 500, inarudi 500. Tepu imeshapitisha hisa elfu nane kwenye bei moja na bei haijashuka hata senti. Ni kama kisima, unachota ndoo na maji yanapanda palepale. Kuna mtu anataka hisa nyingi na hataki ijulikane, kwa hiyo anaonyesha kipande kidogo na kingine kikiisha kinajitokeza. Kisima kama hicho, kikitokea baada ya bei kushuka kwa muda na wauzaji wameanza kuchoka, ndicho kitu pekee kwenye kitabu kinachonifanya niingie bila kusita. Na dalili ya kutoka iko wazi: siku ndoo inatoka na maji hayapandi, ondoka. Usisubiri stopu.

Mchangiaji (Mwanza):

Mkuu ubarikiwe, naweka kambi hapa. Mimi natredi fedha za kigeni kwenye programu ya MT5. Nikifungua kile kidirisha cha kina cha soko naona namba za wanunuzi na wauzaji. Naweza kutumia haya?

Mleta uzi:

Kaka, hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu wengi tumeumia. Soko la fedha za kigeni halina mnada mmoja. Benki na mawakala wanauziana kila mmoja kwa njia zake, kwa hiyo hakuna kitabu kimoja cha dunia nzima. Unachokiona pale ni oda ambazo broka wako ameamua kukuonyesha, na kwa mabroka wengi wanaojitangaza kwetu, wewe unafanya biashara na broka mwenyewe. Bei yake inafuata soko, lakini foleni yake si ya soko. Hata ukinunua "hisa za Apple" huko, mara nyingi unashika mkataba wa tofauti ya bei na broka, si hisa yenyewe. Oda yako haifiki Nasdaq.

Ukitaka kitabu kilicho kamili zaidi, tazama mikataba ya baadaye (makubaliano ya kununua au kuuza siku ya mbele kwa bei inayopangwa leo) ya faharisi ya S&P 500 iliyoko CME ya Chicago, ile inayoitwa E-mini. Mnada wake uko sehemu moja. Bei inasogea kwa hatua za pointi 0.25, kila hatua ni dola 12.50 kwa mkataba. Tangu Mei 2019 kuna Micro E-mini, moja ya kumi ya hiyo, hatua moja ni dola 1.25. Hisa za Marekani zimetawanyika kwenye masoko zaidi ya kumi, na zaidi ya theluthi ya biashara inafanyika nje ya soko lolote la wazi. Kitabu cha Nasdaq peke yake ni chumba kimoja cha nyumba kubwa. Kinafaa kujifunzia, ila ujue kuna vyumba huvioni.

Mchangiaji (Nairobi):

Asante kwa uzi. Mimi niko NSE, soko la hisa la Nairobi, nina Safaricom na benki mbili tatu. Siku hizi mtu anaruhusiwa kununua na kuuza siku hiyohiyo. Kwa nini tusifanye hii kitu nyumbani?

Mleta uzi:

Ni kweli, NSE iliruhusu kununua na kuuza hisa siku moja kuanzia Novemba 2021, na ni hatua nzuri. Kizuizi ni hesabu. Hisa ikiwa Sh 20 na hatua ya bei ni senti 5, kila hatua ni robo ya asilimia. Dalali na tozo zikichukua karibu asilimia 2 unaponunua na nyingine kama hiyo unapouza, unahitaji bei ipande karibu hatua 16 ndipo urudishe pesa yako tu. Kitabu cha oda kinakuambia kuhusu hatua moja, mbili, tano zijazo. Hakifiki kumi na sita. Dar ni vilevile.

Ila kuna matumizi yanayofaa sana kwetu, nami nayafanya kwenye DSE, soko la hisa la Dar: kutazama kitabu ili nijue niweke oda wapi. Hisa zetu nyingi zina foleni nyembamba. Mtu anampigia dalali, "ninunulie kwa bei ya soko", kumbe anayeuza kwa bei nafuu kuliko wote ana hisa 200 tu na anayefuata yuko juu mbali. Unajikuta umepandisha bei kwa mikono yako mwenyewe na umeinunua hukohuko juu. Weka oda ya kikomo, simama kwenye foleni, subiri hata siku tatu. Kwa mwekezaji wa muda mrefu, tofauti hiyo peke yake inaweza kuzidi gawio la mwaka.

Mchangiaji (Arusha):

Shikamoo mkuu. Hizo oda hewa ulizosema, sheria inaruhusu? Maana huo ni udanganyifu wa wazi.

Mleta uzi:

Marahaba dada. Kufuta oda si kosa. Wanaotengeneza soko, yaani wanaoweka oda za kununua na za kuuza kwa pamoja muda wote, wanafuta mchana kutwa kwa sababu bei zimebadilika. Kosa ni kuweka oda huku umeshakusudia kuifuta, ili wengine waione na wakimbie. Marekani iliandika katazo hilo waziwazi kwa masoko ya mikataba ya baadaye katika sheria ya Dodd-Frank ya 2010. Michael Coscia alikuwa wa kwanza kutiwa hatiani kwa kosa hilo, Novemba 2015, na mwaka uliofuata akahukumiwa miaka mitatu. Mwaka 2020 JPMorgan ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 920 kwa oda za namna hiyo kwenye madini ya thamani na hati fungani za serikali ya Marekani.

Kesi ninayowaambia wanaoanza waisome ni ya Navinder Sarao, aliyekuwa akitredi E-mini kutoka nyumbani kwa wazazi wake Hounslow, magharibi mwa London. Programu yake iliweka oda kubwa za kuuza ngazi kadhaa juu ya bei, na bei ikisogea, oda nazo zinasogea, zisifikiwe kamwe. Ukizitazama kwenye kitabu unaona ukuta wa wauzaji. Ukitazama tepu hakuna kitu. Alikamatwa Aprili 2015, akakiri makosa Novemba 2016, na Januari 2020 akapewa mwaka mmoja wa kifungo cha nyumbani.

Jina lake linatajwa pamoja na tarehe 6 Mei 2010, siku faharisi ya hisa za Marekani ya Dow Jones iliposhuka karibu pointi 1,000 na kurudi sehemu kubwa ndani ya dakika chache. Sababu zilikuwa zaidi ya mtu mmoja. Ripoti ya wasimamizi wa soko ya mwaka huohuo ilitaja programu moja ya kuuza mikataba 75,000 ya E-mini iliyoachiwa sokoni bila kujali bei wala muda. Mimi nilichokichukua kwenye ripoti ile ni namba moja. Ilipokaribia saa tatu na dakika arobaini na tano usiku kwa saa zetu, oda zote za wanunuzi wa E-mini zilikuwa na thamani ya kama dola milioni 58 tu, chini ya asilimia 1 ya zilivyokuwa asubuhi. Moja ya masoko yenye biashara nyingi zaidi duniani, na foleni ya wanunuzi imekauka. Mtambo wa CME ukasimamisha biashara kwa sekunde 5. Sekunde tano tu! Wanunuzi wakarudi, bei ikaanza kupanda.

Kwa hiyo ukiona foleni za pande zote mbili zinakonda kwa pamoja, kabla ya taarifa ya benki kuu ya Marekani kwa mfano, usiitafsiri kuwa ni ya kupanda au ya kushuka. Ina maana oda ndogo itaisogeza bei mbali. Mimi hapo natoa mikono kwenye kipanya.

Mchangiaji (Mombasa):

Bwana, sisi tuko mbali. Hao wenye mashine karibu na soko si watatula kila siku? Kweli kuna faida?

Mleta uzi:

Swali la haki. Mitambo ya Nasdaq iko Carteret, New Jersey. Kutoka Pwani yetu hadi huko ni zaidi ya kilometa 12,000. Mwanga ndani ya nyaya unakwenda kama kilometa 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi, hata waya ungenyooka kama rula, ni milisekunde 120. Kwa uhalisia ni zaidi. Roboti aliye palepale Carteret anahesabu kwa sehemu ya milioni ya sekunde. Mchezo wa kuwahi foleni umeshatupita, na yeyote anayekuuzia kozi ya kuwahi foleni ukiwa na intaneti ya simu anakula pesa yako.

Mtafiti Rama Cont na wenzake walionyesha kwa data ya Marekani, mwaka 2014, kwamba bei ndani ya sekunde chache hufuata tofauti ya oda zinazoongezeka na zinazopungua pale mbele ya foleni. Ni kweli, na roboti wanaijua. Sisi kilichobaki kwetu ni mambo yanayochukua dakika: kisima kinachojaa tena, muuzaji mkubwa anayeisha, ngazi ambayo bei imeigonga mara nne na kila mara wanaolipa wanapungua. Hapo milisekunde 200 hazikuumizi.

Na faida? Watafiti watatu wa Brazil waliwafuatilia watu walioanza kutredi mikataba ya baadaye ya hisa siku kwa siku kati ya 2013 na 2015. Kati ya waliodumu zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipoteza pesa. Asilimia 1.1 tu walipata zaidi ya kima cha chini cha mshahara. Naandika hapa ili mtu asiuze kiwanja cha mama yake kwa sababu ya uzi wangu. Jifunze kwa data ya bure na demo (akaunti ya majaribio) inayotumia data ya soko halisi kwa miezi sita. Kwa hisa za Marekani, uliza pia broka wako kuhusu sharti la salio la dola 25,000 kwa wanaotredi mara kwa mara ndani ya siku, lililowekwa 2001, uone linakuhusu vipi kwa sasa.

Mchangiaji (Mwanza):

Data ya bure iko wapi mkuu? Hapo ndipo tunakwama wengi.

Mleta uzi:

Tafuta LOBSTER, mradi uliozaliwa Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin. Wanajenga upya kitabu cha oda kutoka kwenye data ya Nasdaq, na wameweka sampuli ya bure ya siku moja, tarehe 21 Juni 2012: Amazon, Apple, Google, Intel na Microsoft. Siku moja inatosha kukuweka kazini mwezi mzima.

Faili la ujumbe lina safu sita: muda, aina, namba ya oda, idadi ya hisa, bei, upande. Muda ni sekunde tangu usiku wa manane, kwa hiyo 34200 ni saa 9:30 asubuhi ya New York, soko linapofunguliwa. Bei imezidishwa mara 10,000, ukiona 2239500 ni dola 223.95. Aina 1 ni oda mpya, 2 imepunguzwa, 3 imefutwa, 4 imeuzwa, 5 ni oda iliyofichwa ikauzwa. Ile ya 5 itazame kwa makini. Hizo ni hisa ambazo hazikuwahi kuonekana kwenye kitabu hata sekunde moja.

Kazi ya kwanza, na msiniletee ya pili kabla ya hii: hesabu aina 3 dhidi ya aina 4 kwa Microsoft. Utaona kwa macho yako ahadi ngapi zinavunjwa kwa kila moja inayotimizwa.

Kazi ya pili: linganisha Intel na Amazon. Intel spredi, yaani pengo kati ya bei bora ya kununua na ya kuuza, ni senti moja karibu siku nzima na foleni ni maelfu ya hisa. Hapo uzito wa foleni una maana, watu wanasukumana mahali pamoja. Amazon spredi ni pana na ngazi nyingi zina hisa mia, mia mbili. Mtu akija anajipenyeza katikati. Ukichukua mbinu ya Intel ukaipeleka Amazon utalia. Niliipeleka mimi, kwa hisa nyingine, na ilinichukua miezi mitatu kuelewa kwa nini haifanyi kazi.

Mchangiaji (Arusha):

Mkuu, nimepakua na nimefungua kwa programu ya majedwali. Faili la Microsoft ni kubwa, kompyuta inahema, nimekata saa ya kwanza tu. Hiyo ya kufuta nimeiona, ni kweli zinafutwa nyingi mno, imenishtua. Ila kuna kitu kinanichanganya. Nimechukua kipande ambacho bei inapanda, nikachuja aina 4, upande umejaa -1, yaani wauzaji. Wauzaji wengi namna hii, bei inapandaje?

Mleta uzi:

Dada, umefanya kazi nzuri, na umegusa penyewe. Ile safu ya upande inaelezea oda iliyokuwa imesimama kwenye foleni. Aliyekuja kuipiga yuko upande wa pili. Kwa hiyo aina 4 yenye -1 maana yake oda ya kuuza ilikuwa inasubiri, na mnunuzi akaja akailipia. Hao wote uliowaona kwenye kipande hicho ni wanunuzi waliokubali bei ya muuzaji.

Geuza alama kwenye aina 4 na 5, jumlisha hisa kwa kila dakika, kisha weka bei pembeni yake. Halafu utafute dakika ambayo wanunuzi wamelipa sana na bei haikupanda. Ukiipata, rudi kwenye namba za oda za wauzaji wa dakika hiyo, uone kama ngazi ileile ilikuwa inajazwa tena na oda mpya kila iliyopo ilipoisha. Lete muda na bei hapa, tutaitazama pamoja mstari kwa mstari.